Baba Niliyemtafuta Tumboni mwa Mamba

Kila Idi ya kuchinja, jirani yangu hapa mtaani Chikongola hutandaza ngozi za mbuzi uani kwake, juu ya mkeka uliochakaa, akazimwagia chumvi ya mawe kwa mikono miwili. Harufu hupanda ukuta ikaingia jikoni kwangu: chumvi, mafuta ya mnyama, na damu ambayo imeoshwa lakini haijakubali kuondoka. Wageni wangu huendelea na pilau yao. Mimi siwezi kukaa. Nasimama, nafungua dirisha, nalifunga, natoka kibarazani, narudi, nashika sufuria ambalo sina kazi nalo. Mume wangu ameshanizoea. Huniuliza tu, "Ameshaanza kutia chumvi?" Nikiitikia, huwachukua watoto akatoka nao, aniache nizunguke nyumba mpaka nichoke.

Harufu hiyo hunirudisha mtoni Ruvuma, karibu na pale mto unapoingia baharini, kwenye kijiji ambacho mikoko inaishia na majaruba ya mpunga yanaanzia. Nilikuwa darasa la pili. Ndicho kipindi nilichoamini kwamba baba yangu yumo tumboni mwa mamba.

Sikuambiwa hivyo na mtu. Baba alikuwa fundi baiskeli, na banda lake lilikuwa kando ya njia ya kwendea kivukoni. Alikuwa mwembamba, mcheshi, vidole vyake vyeusi kwa grisi hata siku ya Ijumaa, na mfukoni hakukosa spana ndogo aliyoichezesha alipokuwa anazungumza. Asubuhi moja alitia nguo kwenye begi la mgongoni, akanishika kichwa, akasema, "Nitarudi na viatu vyako vya shule." Akashika njia ya mtoni. Nilimtazama mpaka akapotea kwenye mabua ya mtama.

Hakurudi. Mwanzoni Mama alikuwa akitazama njia kila akisikia kengele ya baiskeli. Baadaye akaacha kutazama. Walipokuja watu kumsalimu Bibi, mama yake Mama, walinong'ona wakiuliza habari za mkwewe, na Bibi alijibu jibu moja siku zote, huku amebana midomo:

"Mto umemchukua."

"Haya. Ndiyo dunia," walisema, kisha walinigeukia na kunitazama kwa huruma, mmoja wao akinipa kipande cha muhogo.

Kwa watu wazima wa kule mpakani maneno hayo yalikuwa na maana inayojulikana. Wakati huo wanaume wengi walikuwa wanavuka kwenda Msumbiji kutafuta vito machimboni, na wengi walimezwa na huko huko: wake wapya, nyumba mpya, simu haipatikani. Lakini mimi nilikuwa mtoto wa mtoni. Tangu nianze kutembea nimefundishwa kwamba maji hayachotwi nje ya uzio. Pale tulipokuwa tunachota, wanaume walikuwa wamechimbia miti minene majini, mmoja karibu na mwenzake, kama boma la ng'ombe, ili mama zetu wainame na ndoo zao pasipo kunyakuliwa. Nje ya uzio huo nilikuwa nimeona kwa macho yangu vile vichwa vinavyofanana na magogo, na magogo hayo yakizama pasipo mtu kuyagusa. Mto ukimchukua mtu, unamchukua kwa mdomo wa nani? Nilijua.

Na kilichonitia wazimu ni kwamba wauaji wa mamba walikuwa nyumbani kwetu.

Mjomba Bakari, kaka yake Mama, alikuwa na kibali cha kuvuna mamba kwenye kipande kile cha mto. Mamba walikuwa wamezidi. Mbuzi walikuwa wanaondoka, mbwa wanaondoka, na watu nao. Mjomba alikuwa mtu mnene, mpole, asiyependa kelele, na mwenzake wa kazi alikuwa Kanisio, Mmakonde wa huko juu mlimani, Mkristo, mwenye chale usoni na kicheko kilichosikika mpaka msikitini. Kanisio na Bibi walikuwa watani. Bibi alimwita mla nguruwe, naye alimwita Bibi mke wangu, na siku wasipotaniana nyumba ilionekana ina mgonjwa.

Walitumia ndoana kubwa aliyoifua mhunzi, yenye meno pande mbili. Waliifungia mapafu ya mbuzi, wakaining'iniza kwenye mti uliolalia maji, kiasi cha mkono mmoja juu, ili samaki wasiile. Ndoana ilishikwa na mnyororo, na mnyororo na mti. Asubuhi walikwenda kutazama. Kukiwa na mamba, ulisikia kabla hujaona: maji yanapigwa kama mtu anatwanga kwenye kinu kikubwa. Mjomba alimmaliza kwa mkuki mfupi, nyuma ya kichwa, pale palipo laini, kisha wakamburuta kwa kamba mpaka nyuma ya nyumba yetu, kwenye kichanja walichokijenga mbali na jiko kwa amri ya Bibi.

Hapo ndipo mimi nilipoacha kukaa. Nikisikia tu sauti ya Kanisio inatoka mtoni, nilitupa nilichoshika. Niliwahi kutoka darasani kwa kupitia dirishani. Mwalimu aliniita mbele akaniuliza kama nina mchwa kwenye kiti. Darasa likacheka. Mimi nilikuwa nasikiliza upande wa mto.

Kazi ya kuchuna ilikuwa ya taratibu, na taratibu hiyo ilinitesa. Mjomba hakuanza na tumbo. Ngozi ya tumbo ndiyo yenye soko. Ya mgongo ni mifupa mitupu. Kwa hiyo alipita na kisu ubavuni, mstari mrefu tangu taya mpaka mkiani, ubavu huu, kisha ule, akaibandua ngozi kidogo kidogo kwa ngumi na ncha ya kisu, kama mtu anayemvua mtoto aliyelala nguo.

"Tundu moja tu," alikuwa akisema, "ngozi imekufa."

Baada ya hapo walikwangua mafuta kwa upande butu wa kisu, wakaitia chumvi, wakaisugua mpaka vidole vikawauma, wakaikunja kama mkeka na kuisweka kivulini ndani ya gunia. Mnunuzi alikuja kutoka mjini na gari. Mjomba aliniambia ngozi zile zinakwenda ng'ambo ya bahari, wanatengeneza mikoba na mikanda. Mimi sikujali mikoba. Nilikuwa nazunguka kichanja, nasimama mguu huu, nasimama mguu ule, nikisubiri wafike kwenye tumbo.

"Ntoto huyu ana njaa ya nyama," Kanisio alisema.

"Ana mdudu wa kuona," alijibu Mjomba. "Niache nifanye kazi, Somoe. Utakatwa na kisu."

Tumbo lilipofunguliwa, nilijipenyeza chini ya mkono wake. Ndani mlikuwa na mawe laini, mifupa ya samaki, mara moja gamba la kasa, mara moja kwato. Nilitazama kila kitu. Nilitafuta spana. Nguo zingeweza kuoza, nilijiambia, lakini chuma hakiozi. Isipopatikana spana nilipumua, halafu papo hapo moyo ukaanza kwenda mbio upya, maana kama hayumo kwa huyu, basi yumo kwa mwingine, na huyo mwingine yuko mtoni anaogelea naye.

Sikumwambia mtu. Sijui kwa nini watoto hufanya hivyo. Nadhani niliona wakubwa wote wanajua, na kwamba Mjomba anaua mamba ili kumtafuta shemeji yake, ila ni jambo la uchungu lisilosemwa mbele ya Mama. Hata ukimya wa Mjomba niliusoma hivyo. Nilimpenda sana kwa ajili hiyo.

Nyama ndiyo iliyonifedhehesha. Sisi hatukula mamba. Bibi alikuwa akisema ni haramu hata moshi wake. Mafuta yake alikuwa nayo chupani chini ya kitanda, ya kupaka magoti, na Kanisio alipomwuliza, alimjibu, "Kupaka si kula." Lakini Kanisio alikula, na watu wa kwao walikuja na baiskeli kuchukua nyama ya mkia, ambayo ni nyeupe, iko kati ya kuku na samaki. Waliikausha kwa moshi, wakaifunga kwenye majani na kuondoka nayo.

Siku moja Kanisio alijichomea kipande chake pembeni ya kichanja. Alikuwa amekitia chumvi na pilipili, mafuta yanadondokea makaa na kulia, na harufu yake, Mungu anisamehe, ilikuwa nzuri. Mate yalinijaa. Na mara ile ile nikawaza: huyu mamba amekula nini mpaka akanenepa hivi? Kanisio alipokipeleka kipande mdomoni nilimrukia. Nikaupiga mkono wake, nyama ikaangukia mchangani, nikalipiga teke jiko lake, makaa yakatawanyika.

"Usile! Usimle!" nilikuwa napiga kelele. "Usimle!"

Kanisio alinishika mabega, ameduwaa, kidole kimeungua. Mama alitoka mbio. Bibi alitoka nyuma yake, akatazama nyama mchangani, akanitazama mimi, kisha uso wake ukachanua.

"Mwacheni," alisema. "Mtoto huyu ameshika dini. Mashallah! Mmoja tu nyumba nzima."

Jioni ile niliongezewa samaki. Bibi alimsimulia kila aliyepita, na mwalimu wa madrasa alinitaja kuwa mfano mbele ya wenzangu. Mimi nilikaa nimeinamisha kichwa, nikifikiria mkia uliokuwa umefungwa kwenye majani, nyuma ya baiskeli, unapanda mlima kwenda kwa watu nisiowajua.

Kanisio hakukasirika. Tangu siku hiyo alikwenda kula mbali, kule majarubani. Ila nilimkuta mara kadhaa ananitazama, kicheko hakipo.

Kisha akachukuliwa Bi Zuhura.

Alikuwa mke wa muuza mkaa, mama wa rafiki yangu, mwanamke aliyeimba anapochota maji. Mti mmoja wa uzio ulikuwa umeoza chini, majini, pasipo mtu kugundua. Wenzake waliokuwepo walisema hakupiga hata kelele. Wimbo ulikatika tu, ndoo yake ikabaki inazunguka.

Kijiji kizima kilikaa matanga. Walisoma khitma pasipo mwili, na mume wake alikaa mkekani, mikono yake imelala mapajani kama si yake. Nilikaa karibu na Bibi. Nilikuwa na swali lililonichoma tangu walipoleta misahafu.

"Bibi, mbona baba hatukumsomea khitma?"

Bibi aligeuka haraka kutazama kama Mama amesikia.

"Aliyekwenda kwa miguu yake hasomewi khitma," alinijibu kwa sauti ya chini. "Nyamaza."

Sikulala vizuri baada ya hapo. Kwa miguu yake! Basi Baba aliingia mwenyewe majini. Nilijaribu kuiona picha hiyo na begi lake mgongoni, na kila nilipoiona nilitafuta sababu, na sababu zote zilifika kwangu: viatu vya shule nilivyovidai, kelele nilizopiga banda lake lilipokuwa na wateja. Nilianza kula kucha. Nilianza kuamka kabla ya adhana na kukaa mlangoni. Mama aliniuliza nina nini, nikamwambia nawashwa.

Mjomba na Kanisio waliacha mamba wengine wote wakamwinda mmoja, yule aliyemchukua Bi Zuhura. Walimjua kwa alama zake ukingoni, mguu mmoja wa nyuma unaburuta. Walimtegea pale kwenye uzio, akala chambo akaacha ndoana. Walimhamishia chambo chini zaidi, akapotea kabisa, akaonekana upande wa mikoko anaota jua kama mtu mwenye shamba lake. Wanawake walikuwa wanachota maji kwa zamu, mmoja anachota, wawili wanapiga makopo. Watoto tulikatazwa kufika ukingoni. Kijiji kilikuwa kimekunja miguu, hakuna aliyekaa kwa starehe, na kwa mara ya kwanza wote walikuwa kama mimi.

Alinaswa asubuhi yenye mvua. Nikiwa kitandani nilisikia maji yakitwangwa. Ilichukua wanaume wengi sana kumburuta, na alipofika nyuma ya nyumba hakutosha kichanjani, walimlaza chini. Kichwa kilikuwa kipana kama meza ya duka. Meno mengine yalikuwa yamekatika kwa uzee. Watu walikuja mpaka wa vijiji vya jirani, akaja mwenyekiti wa kijiji, akaja afisa wanyamapori na koti lake la mvua. Mume wa Bi Zuhura alisimama mbele kabisa. Hakuna aliyemwambia asogee.

Mjomba hakujali ngozi siku hiyo. Alipasua tumbo moja kwa moja.

Kwanza alitoa nyongo. Kwetu nyongo ya mamba ni kitu cha kuogopwa. Watu wanaamini tone lake likiingia kwenye pombe au kwenye uji, aliyekunywa hafiki kesho. Kwa hiyo mamba akiuawa, nyongo lazima imwagwe mbele ya watu, mtu asije akasema fulani ameificha. Mjomba aliinua kifuko kile cha kijani juu, wote wakione, akaenda nacho kwenye shimo ambamo Kanisio alikuwa amewasha moto wa makumbi ya nazi. Umati mzima ukamfuata. Mwenyekiti, afisa, Bibi, wote waliinama shimoni kuhakikisha inaungua.

Nikabaki peke yangu na mamba.

Tumbo lilikuwa limelala nje, jeupe, kubwa kama gunia la korosho, limekatwa kidogo. Niliingiza mikono. Palikuwa na joto, na harufu ambayo siwezi kuiandika. Nilishika mawe. Nikayatoa nje, nikarudi. Nikashika kitambaa, nikakivuta kikatoka kirefu, kanga, hata maua yake yalikuwa bado yanaonekana. Nikashika kitu cha chuma, nikakitoa: bangili ya shaba. Nikaitupa na kuingiza mikono tena mpaka kwapani, shavu langu limegusa magamba. Nilikuwa nalia na sijui kama nalia.

Umati ulikuwa umerudi nyuma yangu.

Mjomba alipiga magoti kando yangu. Hakunivuta. "Somoe," aliniita polepole. "Unatafuta nini, mama?"

"Baba," nilisema. "Hayumo, Mjomba. Huyu naye hayumo."

Mume wa Bi Zuhura aliinama akaokota bangili, akaipangusa kwenye shati lake. Kanisio alishika kichwa. "Mwe!" alisema. "Kumbe ndiyo maana ntoto huyu alinizuia nyama." Na Bibi, Bibi yangu aliyenisifu kwa dini, alikaa chini kwenye matope na buibui lake.

Mama ndiye aliyenichukua. Alinibeba mgongoni kama mtoto mchanga, mimi nimeshakuwa mkubwa, mpaka nyuma ya jiko. Alinisugua mikono kwa jivu na ndimu, kidole kimoja kimoja.

"Baba yako hajaliwa na mamba," alisema mwishowe. "Yuko ng'ambo. Ni mzima."

Nilimtazama.

"Alikwenda machimboni akaona huko ni pazuri. Ana mke mwingine. Bibi yako akisema mto umemchukua, anamaanisha hivyo."

"Anajua mimi niko wapi?"

"Anajua."

"Mbona hukuniambia?"

Alisugua kidole ambacho kilikuwa kimeshatakata. "Nilikuwa nasubiri arudi kabla hujauliza," alisema.

Wasomaji watadhani nilifurahi. Mtoto aliyeambiwa baba yake ni mzima! Lakini nilipatwa na hasira ambayo mpaka leo naiona aibu kuitaja. Baba aliyemezwa na mamba hakutaka kuondoka. Alikuwa ananitaka, amezuiliwa tu na mbavu na meno. Huyu waliyenipa sasa alikuwa na miguu, na njia, na mto ambao watu wanauvuka kila siku wakiwa na mafurushi ya kitenge, na hakuwa amevuka. Nilipiga ndoo teke. Nikakataa kula. Nilizunguka banda lake la baiskeli lililofungwa, nikatupia bati mawe mpaka Mjomba akaja kunitoa.

Siku ya pili yake nilimsikia Mama akizungumza naye uani.

"Kaka, nivushe."

"Dada, unakwenda kumwomba arudi?"

"Siendi kumwomba kitu. Nampeleka mtoto akamwone. Bila hivyo ataingia kwenye kila tumbo la mto huu."

Mjomba akasema, "Nitamwambia Kanisio alete kasia."

Tulivuka asubuhi, jua limeshapanda, mtumbwi mmoja, Mjomba mbele na Kanisio nyuma, Mama na mimi katikati. Mama alikuwa amevaa kanga mpya na kujifunga nyingine kichwani, amekaza, kama anakwenda harusini kwa watu asiowapenda. Hakushika ubao wa mtumbwi. Juu ya fungu la mchanga mamba wawili walikuwa wamelala vinywa wazi, na mmoja akaingia majini tulipokaribia. Mama hakugeuka. Mimi niliyatazama maji njia nzima.

Ng'ambo Mama aliulizia habari zake kwa wavuvi, tukatembea kwenye njia ya mchanga mpaka kijiji cha kwanza. Nilidhani tutakwenda siku nzima; machimbo yalikuwa mbali, watu walikuwa wanayasema kama wanavyosema Makka. Lakini hatukuwa tumechoka bado tulipoona banda la makuti kando ya njia, matairi ya pikipiki yamerundikwa mbele, na mtu mwembamba amechuchumaa, vidole vyeusi kwa grisi.

Hakuwa amefika machimboni kabisa. Alikuwa pale tu. Kama angepanda juu ya banda lake huenda angeona mikoko ya kwetu.

Baba aliinua kichwa. Kwanza alitabasamu, lile tabasamu lake la kumpokea mteja. Halafu akatujua. Alisimama, akapangusa mikono, akaipangusa tena. Mwanamke alitoka ndani, kijana, na mtoto mchanga kifuani. Alimtazama Mama, akanitazama mimi, na nadhani alielewa yote, maana alirudi ndani akatoka na kiti na kata ya maji, akampa Mama kwa mikono miwili.

"Karibu, dada."

"Ahsante, mdogo wangu," Mama alijibu, akanywa. Hakukaa.

"Mama Somoe," Baba alianza, "nilikuwa nataka nije, ila hali ya huku..."

"Sikuja kwa hilo," Mama alimkata. "Nimekuletea mtoto akuone. Alikuwa anakutafuta kwenye matumbo ya mamba."

Baba alicheka. Alidhani ni maneno ya mkato, ya mke mwenye uchungu. Alimgeukia Mjomba acheke naye, Mjomba akatazama chini. Akamgeukia Kanisio, ambaye alikuwa hawezi kupitwa na mzaha, na Kanisio akanyanyua mikono yake miwili, akaigusa kwapani. "Mpaka hapa, shemeji," alisema. "Nilimwona kwa macho yangu. Ntoto alikuwa anakutafuta mpaka hapa."

Ndipo uso wa Baba ulipobomoka. Alichuchumaa mbele yangu akashika mikono yangu, akaigeuza, akaitazama viganja na mgongo kama anatafuta jeraha. Machozi yake yaliniangukia vidoleni. Nilimwacha alie. Nilikuwa namtazama sikio, shingo, jino lake la mbele lililopishana. Alikuwa yeye. Alikuwa mzima kila mahali.

Tulikaa kidogo sana. Mwanamke yule alitaka kutupikia, Mama akamwambia maji yatajaa. Baba alitusindikiza mpaka mtoni, akinishika mkono, akiongea mfululizo habari za viatu, za shule, za pikipiki, za mwezi ujao. Ukingoni alimwambia Mama jambo kwa sauti ya chini. Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Njia unaijua," alimjibu, akapanda mtumbwini.

Kanisio alisukuma. Baba alibaki amesimama ukingoni, na maji yalipotuchukua alianza kutufuata, akapiga hatua moja akaingia majini, ya pili, yakamfika kwenye mashavu ya miguu, huku anapunga mkono na kuniita jina. Pale hapakuwa na uzio. Hapakuwa hata na mti mmoja. Nilisimama mtumbwini, Mjomba akanishika kanga.

"Baba, toka majini!" nilipiga kelele. "Rudi nyuma! Rudi!"

Alitoka, akasimama mchangani. Nikaona bado ni karibu. Mamba anaruka, Mjomba alinifundisha anaruka.

"Rudi nyuma tena!"

Akarudi. Alikuwa bado anapunga. Kila alipoanza kushuka kutaka kuniona vizuri nilimfokea arudi, na kila nilipomfokea alinitii, hatua kwa hatua, akipanda ukingo kinyumenyume, mpaka alipofika juu kwenye mabua ya mtama na sikuweza tena kumtambua usoni. Hapo nikakaa chini. Makasia yakaendelea kupiga maji, na Mama akanivuta miguuni pake, akanifunika kwa kanga yake mpya, akaniambia nisiangalie tena.